Jozi ya Kumi na Nne

Jumatatu, 2 Septemba

Mvua imerudi Ibadan baada ya mapumziko yake ya Agosti, na paa la ofisi yangu linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimesogeza meza. Ndoo nimeiweka ilipokuwa meza.

Naanza daftari hili kwa sababu Profesa Oyelaran anataka makala yetu iwe mezani kwake kabla Oktoba haijaisha, na mimi jambo nisipoliandika jioni, asubuhi nitakuwa nimelipaka rangi. Kwa hiyo niiweke kazi wazi siku ya kwanza. Tuna jozi sitini na mbili za pacha wasiofanana, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Katika kila jozi, mmoja figo zake zimekufa au zinakufa, mwenzake mzima. Tunachungulia jeni moja. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa mama, moja kutoka kwa baba. Aliyerithi nakala mbovu zote mbili yuko hatarini kuliko aliyerithi moja. Damu inachukuliwa hapa Ibadan na kule Igbo-Ora. Mimi sitoboi mtu. Mimi nahesabu. Kwangu hakuna majina, kuna 1-A na 1-B mpaka 62-B, na nashukuru kwa hilo, maana wodi zinanitia kichefuchefu.

Jumanne, 3 Septemba

Mvua. Umeme hakuna. Jenereta limekohoa likanyamaza. Nimerudi nyumbani.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo mgonjwa, au tuseme ndugu wa mgonjwa, amenijia ofisini. Mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, amelowa, ana sufuria imefungwa kwa kitambaa. Akapiga magoti mlangoni.

"Pole kwa mvua, Dokta. Pole kwa kazi. Pole kwa kukaa."

"Profesa hayupo," nikamwambia, sikuinuka.

"Basi na wewe si mkono wake? Pokea. Maharagwe, nimeyapika na mafuta ya mawese. Mimi ni Kehinde wa Igbo-Ora. Nyie mnaniita kumi na nne."

Nikageuka. Jozi ya 14 naikumbuka. Mwezi wa saba Profesa alichungulia mlangoni akaniuliza, "Ibidun, 14-B ana mbovu ngapi?" Nikatazama jedwali, nikajibu bila kugeuza shingo: "Moja tu. Safi." Akaondoka. Sikuuliza kwa nini.

Sasa nimejua kwa nini. Kehinde anampa pacha wake Taye figo tarehe 15 Oktoba, katika hospitali kuu. Mtu mwenye nakala mbovu mbili akitoa figo moja, ile inayobaki inaweza kumwangusha naye, na hospitali kipimo hicho haina. Profesa akawafanyia hisani. Matokeo ya utafiti hayapaswi kutoka hivyo, na yeye anajua kuliko mimi.

"Mlipotuambia safi, mama yetu alicheza ngoma sebuleni," Kehinde akasema. "Maana vipimo vingine vilikuwa vinanitisha. Mimi ni AS, Dokta."

"Kubeba mbegu ya selimundu?"

"Hiyohiyo. Ndoa yangu ilikufa kwa herufi mbili. Kadi zimeshachapwa, mchungaji akauliza damu, kumbe na mwanaume ni AS, watoto wetu wangeweza kuugua. Akafunga kitabu. Madaktari hapa wamelipima hilo wakasema halinizuii kutoa figo. Taye yeye ni AA, hana mbegu. Kila kizuri alichukua yeye, akaniachia urefu." Akacheka mwenyewe.

Nikamuuliza kama hakuna ndugu mwingine. "Yupo Idowu, anayetufuata. Yuko Ilorin. Lakini si unawajua hawa wanaozaliwa baada ya pacha, kichwa kama jiwe. Mama hakumuuliza kabisa."

Sikupenda kumjua. Namba ikishakuwa na sauti inanisumbua.

Ijumaa, 6 Septemba

Maharagwe yalikuwa matamu. Nimerudisha sufuria kwa dereva.

Alhamisi, 12 Septemba

Kuna kitu kimeoza.

Nimeziweka kando jozi ambazo pacha wanatofautiana katika nakala, kwa maana ndizo zinazosema kitu. Ibadan ziko kumi na saba. Katika kumi na nne, mgonjwa ndiye mwenye nakala mbovu mbili, kama tulivyotarajia. Tatu ndizo kinyume. Vizuri sana.

Igbo-Ora ziko kumi na moja. Katika tisa, mwenye nakala mbovu mbili ni yule mzima. Mgonjwa anazo chache. Yaani ukiwasikiliza watu wa Igbo-Ora, jeni inayoua figo Ibadan, ukipanda gari saa moja na nusu, inalinda figo.

Zilizokaa sawa huko ni mbili tu. Moja ni ya 14.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimerudia hesabu tangu mwanzo. Tisa.

Jumatatu, 16 Septemba

Kama ingekuwa bahati tu, kama kurusha sarafu mara kumi na moja, tisa au zaidi kuangukia upande uleule ingetokea kama mara tatu katika mia. Na hii sarafu tulitarajia iangukie upande wa pili.

Najua ni nani. Ni yule nesi wa Igbo-Ora, Sikirat, anayeandika lebo kwa mkono. Sijawahi kumwona. Nawafahamu watu wa namna yake: simu sikioni, redio inaimba, vichupa vinatambaa mezani. Kama wangekuwa pacha wa kike na kiume ningemkamata kwa dakika tano, maana damu yenyewe inasema ni ya mwanamke au mwanaume. Lakini tulichagua jinsia moja ili mambo yawe nadhifu. Unadhifu huo nilioupigania mimi.

Jumatano, 18 Septemba

Nimemwambia Profesa. Alikuwa anakula moimoi ya kunde kwa uma, akaendelea kula.

"Tatu katika mia si sifuri, Ibidun."

"Prof, huko kote kumepinduka."

"Igbo-Ora ni Igbo-Ora. Maji yao, chakula chao, ile mboga yao ya ilasa. Andika kwamba mazingira yanaweza kubadili jambo."

"Na kama ni vichupa?"

"Basi itupe Igbo-Ora, utumie Ibadan peke yake." Akapangusa mdomo. "Makala itasimama."

Ingesimama kweli. Nilirudi ofisini nimepoa. Nikafuta mistari yote ya Igbo-Ora katika nakala ya jedwali, na picha ikatoka nzuri kama ya kitabuni. Nikaitazama muda mrefu huku ndoo inajaa.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua. Nimeandika kurasa nne za makala.

Jumatatu, 23 Septemba

Mvua. Kurasa mbili. Nimemwota Kehinde amebeba sufuria tupu.

Alhamisi, 26 Septemba

Niliandika juu kwamba jozi ya 14 ni mojawapo ya mbili zilizokaa sawa. Nimekuwa nikijifariji kwa hilo: wengine wamechanganyika, hawa wako salama. Leo nikiwa naoga imenijia: kama kule kulipinduliwa kote, basi zilizokaa sawa ndizo zilizokosea.

Nimetoka bafuni na povu kichwani.

Wiki tatu tu zimebaki kabla ya upasuaji. Hapana, mbili na nusu. Siwezi hata kuhesabu.

Jumanne, 1 Oktoba

Sikukuu ya uhuru. Ofisi imefungwa. Daraja la kwenda Igbo-Ora liko chini ya maji, dereva amekataa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimekwenda Igbo-Ora. Nina matope mpaka magotini, lakini nitaandika yote.

Nilikwenda kugomba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nikamkuta Nesi Sikirat kibarazani mwa kituo, mama wa miaka hamsini na kitu, hijabu nyeupe pe, miwani imefungwa kwa uzi. Nilipiga goti kwa sababu ya umri wake, si kwa kupenda, nikataja jina langu.

"Dokta wa kompyuta! Pole kwa barabara, pole kwa matope. Umekula?"

"Sikujia chakula, mama."

"Basi utakula huku unasema ulichojia."

Amala, ugali mweusi wa viazi vikuu, ikaja na mchuzi wa ilasa, na nilikuwa na njaa, nikala kwa hasira. Nikamwambia vichupa vyake vimechanganyika, jozi tisa kati ya kumi na moja.

Alikuwa ananawa mikono. Akaacha. "Vyangu?"

"Vyako."

"Ibidun, mimi nazalisha pacha hapa tangu wewe unanyonya. Nichanganye vichupa?" Hakupandisha sauti, na hilo lilinichoma zaidi. Akaingia ndani akatoka na daftari la shule lenye jalada la plastiki. Kila jozi ina ukurasa. Tarehe, saa, nani aliketi kiti kipi, nani alivaa nini. Hakuna redio, hakuna simu. Mimi, daktari wa takwimu, sina daftari safi kama lile.

"Nieleze ulivyofanya," nikasema. "Hatua kwa hatua, mama."

"Wanaingia wawili. Nawaketisha. Mkubwa natangulia kumtoboa, kichupa chake A. Kisha mdogo, B. Fomu yako si ndiyo inavyosema? Mkubwa A, mdogo B."

"Ndiyo."

"Basi."

Nikafungua ukurasa wa kumi na nne. Mwandiko mzuri wa duara: *Kehinde, kitenge cha bluu, A. Taye, kitenge cha bluu, anaumwa, B.*

"Mama. Kehinde ndiye A?"

Alinitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi. "Ungetaka nimtoboe Taye kwanza, Kehinde ananitazama? Mama yao angenivunja mkono. Wewe si Myoruba?"

Mimi ni Myoruba. Nimekulia Ibadan, nyumba ya pili kulikuwa na pacha, na kila jioni mama yao alitusimulia: Kehinde ndiye mkubwa. Anakaa tumboni kwa raha zake, anamwambia mwenzake, tangulia, kaonje dunia kama ni tamu. Taye anatoka, anaonja, analia, na kwa kilio hicho Kehinde anajua kumekucha, ndipo anatoka kwa madaha. Anayetoka kwanza ndiye mdogo aliyetumwa. Anayefuata ndiye mkubwa aliyetuma. Nimelijua hili kabla sijajua kuhesabu.

Lakini niliitunga fomu nikiwa nimeketi mbele ya kompyuta, na mbele ya kompyuta nilikuwa mtu wa mahali pengine. Nikaandika "mkubwa" bila kufikiri. Kisha orodha ya wagonjwa ilipokuja kutoka hospitali, imepangwa kwa pacha wa kwanza kutoka na wa pili kutoka, nikaandika mstari mmoja wa maagizo: wa kwanza awe A, wa pili awe B. Mstari mmoja. Ibadan haikudhurika kwa sababu karani wetu pale alinakili vyeti vya kuzaliwa bila kumuuliza mtu. Sikirat aliwauliza watu, wakamjibu ukweli wao, akaandika ukweli wao. Nikaupindua mimi.

"Umemaliza chakula?" Sikirat akauliza, kwa upole sasa, maana aliuona uso wangu.

"Mama, si wewe. Ni mimi."

"Ndiyo maana nasema ule kwanza," akasema.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Kitu kimoja ningeweza kukijua bila kumtoboa mtu. Kehinde aliniambia mwenyewe: yeye AS, Taye AA. Mashine yetu inasoma na hiyo.

Kichupa 14-A, nilichokiita cha Taye mgonjwa: AS.

Kichupa 14-B, nilichokiita cha Kehinde mzima, nilichokisemea safi: AA.

Kwa hiyo nakala mbovu mbili ni za Kehinde. Taye ana moja, figo zake zimekufa kwa sababu nyingine tusiyoijua. Mwanamke aliyenipikia maharagwe anakwenda kulala kwenye meza ya upasuaji baada ya siku kumi na moja kwa sababu nilisema neno moja bila kugeuza shingo.

Niligeuza Igbo-Ora yote. Jozi tisa zikakaa sawa, mbili zikawa kinyume. Makala imepona kabisa. Nililia, na sikulia kwa furaha.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Swali lake la kwanza: "Nani mwingine anajua?"

Nilimchukia. Niandike hivyohivyo. Nilimtazama yule mzee na suruali yake iliyopigwa pasi nikamchukia kwa moyo wote.

"Nesi Sikirat anajua kuna kosa. Kehinde hajui. Prof, mwite daktari wa upasuaji sasa hivi."

"Nimwambie nini? Kwamba mwezi wa saba nilimpa jibu la chini ya meza, na mwezi wa kumi nampa lingine la chini ya meza?" Akasimama dirishani. "Sikiliza, binti. Ulikuwa na uhakika mara ya kwanza. Ukikosea na leo, Taye atakufa akisubiri hesabu zako. Lete damu mpya. Ya Kehinde, kwa jina lake. Nikiona jibu hilo, nitakwenda mwenyewe kwa miguu."

Alikuwa sahihi, na hilo nalo nililichukia.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kehinde amekuja. Nimemwambia tunarudia kipimo, kuna shaka juu ya lebo. Sikumwambia zaidi.

"Si mlisema safi?"

"Nilisema mimi. Sikupaswa."

Akanyoosha mkono. Wakati sindano inaingia hakutazama mkono, alinitazama mimi.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua usiku na mchana. Umeme hakuna. Damu iko kwenye friza na friza iko kwenye jenereta.

Jumatatu, 7 Oktoba

Hakuna umeme. Jenereta limekufa saa nne. Nimenunua barafu kwa wauza samaki, nikakishika kichupa mapajani ndani ya ndoo ya barafu mpaka fundi alipokuja. Profesa alileta mafuta ya jenereta mwenyewe, kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, akanuka dizeli siku nzima.

Jumanne, 8 Oktoba

Umeme umerudi saa nane mchana. Tumeanza.

Jumatano, 9 Oktoba

Mbili.

Nakala zote mbili. Nimerudia. Mbili.

Alhamisi, 10 Oktoba

Profesa alitimiza ahadi, kwa miguu, kutoka idara mpaka wodini, mvua ikimpiga, mimi nyuma yake na mwavuli ambao alikataa kuingia. Alianza kwa daktari wa upasuaji, mlango umefungwa. Alitoka amezeeka. Daktari alisema yeye hapendi tena kuendelea, lakini mtoaji akishaelezwa kila kitu akasisitiza, watakaa kikao kumsikiliza, kwa maana nakala mbili si hukumu, ni hatari. Wengine wanazo na figo zao zinadumu mpaka uzeeni. Hilo ni kweli. Ningependa lisiwe kweli, ingekuwa rahisi.

Taye alikuwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Sikuwahi kumwona. Yule mrefu na huyu mfupi, uso mmoja wa mviringo na mwingine mwembamba, huwezi kudhani walilala tumbo moja. Mama yao, Iya Ibeji, yaani Mama Pacha, alikuwa ameketi chini juu ya mkeka. Kehinde alisimama kichwani pa mdogo wake.

Profesa akasema, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia: "Nilikosea mimi. Nilitoa jibu ambalo halikuwa langu kulitoa, na halikuwa la kweli."

"Fomu ni yangu," nikasema. "Na neno ni langu." Nikawaeleza. Kichupa, A na B, nakala mbili, figo moja itakayobaki. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi niseme kwa nguvu, maneno mabaya hivyo nayasema kama muuza nyanya.

Iya Ibeji akasema tu, "Eh. Eh. Eh."

Kehinde hakulia. Akauliza: "Leo nina figo ngapi nzima?"

"Leo mbili."

"Basi natoa ya leo. Ya kesho nitaijua kesho."

"Kehinde, uwezekano wa..."

"Dokta, we si ndiye uliyeniita safi? Sasa tulia." Haikuwa dhihaka kubwa, lakini ilinifikia. "Mimi ndiye mkubwa. Hamkulijua hilo kwenye karatasi zenu, lijueni sasa. Mimi nilimtuma huyu duniani. Alikuja kwa ajili yangu. Nimwache peke yake humu, nirudi nyumbani nikalale?"

Profesa alitazama viatu vyake.

Taye akafungua macho. Sauti yake ni nzito kuliko mwili wake.

"Kehinde."

"Nyamaza, utapandisha presha."

"Ulinituma nikaonje, sivyo?"

"Taye, bwana."

"Jibu. Ulinituma nikaonje dunia, nikatoka, nikalia, ukasikia ukajua kuzuri, ukaja. Sivyo mama anavyosimulia?"

"Ndivyo."

"Na huku nimetangulia tena." Akauinua mkono wenye mirija, kidogo, kadiri ulivyoweza. "Miaka miwili nimeonja. Maji nakunywa kwa kifuniko cha chupa. Chungwa sijala tangu Krismasi ya juzi. Siku za mashine naumwa, siku zisizo za mashine naiogopa mashine. Ndiyo kazi uliyonituma. Sasa nakuletea habari, mkubwa wangu. Huku kubaya. Usije."

Kehinde akakaa ukingoni mwa kitanda, taratibu, akalaza kichwa chake kirefu juu ya magoti ya mdogo wake. Iya Ibeji alijifunika uso kwa khanga. Mashine iliendelea kuzunguka.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Profesa alinifuata na mwavuli, safari hii wake.

Jumanne, 15 Oktoba

Leo ingekuwa siku yenyewe. Taye amekwenda kwenye mashine kama kawaida.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tumeiandikia kamati ya maadili, saini mbili, Profesa na mimi. Wametusimamisha kuchapisha mpaka kila jozi ichukuliwe damu upya. Huenda wakamwondoa yeye. Ameniambia nikaanze na Igbo-Ora, na nimsalimie Sikirat.

Ijumaa, 25 Oktoba

Igbo-Ora. Jua, kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi. Fomu mpya haina A wala B wala mkubwa wala mdogo. Majina kamili na saa ya kuzaliwa. Sikirat aliisoma yote, akashusha miwani.

"Kwa hiyo sasa hutaki kujua mkubwa nani?"

"Nitakuuliza wewe, mama."

"Nami bado nitamtoboa Kehinde kwanza," akasema.

Jumatano, 30 Oktoba

Idowu amekuja kutoka Ilorin. Hakuna aliyemwita. Alisikia, akapanda gari, akamkemea mama yake mlangoni mwa wodi kwa kutomuuliza tangu mwanzo. Kichwa kama jiwe kweli. Mabega mapana, anacheka kwa nguvu, anamwita Taye "kasisimizi wangu." Hospitali imempima kila kitu, damu yake inakubaliana na ya Taye. Kimebaki kipimo chetu cha jeni, na safari hii kimeombwa kwa barua, na jibu litakwenda kwa daktari, si kwa mlango wangu.

Nilishika kichupa mwenyewe. Sikupata kichefuchefu. Niliandika jina lake lote kwenye lebo, nikamsomea, akaitika, nikamsomea tena.

"Dokta, mimi ni mmoja tu," akasema. "Nani atanichanganya?"

Taye alicheka kwenye mashine mpaka nesi akamwambia aache.

Jibu ni Jumatatu. Nilipokuwa natoka Kehinde alinisindikiza mpaka ngazini, ana sufuria mpya imefungwa kwa kitambaa. Akanipa. Akanishika kiwiko, akaniuliza, kwa sauti ndogo, mimi ninavyoona itakuwaje.

Alikuwa anasubiri lile neno. Nilimgeukia, nikamtazama usoni, nikamwambia sijui.